Vinaingia Kumi, Vinatoka Kumi

Bi Berta Gurvich alitoa ruhusa ile kama mtu anayeng'olewa jino.

"Vipande kumi vya mkate," alisema. "Kila kimoja ukifunge kwenye gazeti. Vinaingia kumi, vinatoka kumi. Umenisikia, Noemi?"

"Nimekusikia, Bi Berta."

"Usinisikie tu, nielewe. Mzee Efraim amevunja mgongo siku mbili kulisafisha lile jiko. Kesho jioni wazee arobaini wanakula Pasaka kwenye ukumbi huu, na nusu yao hawana mtu mwingine wa kula naye. Ikionekana chembe ya mkate wa chachu humu ndani, mimi nitamtazama nani usoni?"

"Vitatoka kumi."

"Visipotoka, utatoka wewe."

Akaenda zake, viatu vikigonga sakafu. Hakuwa anatania. Bi Berta alikuwa mkuu wa chekechea ile ya mtaa wa Villa Crespo kwa miaka thelathini na moja, na hakuna aliyewahi kumsikia akitania.

Noemi Shuster alibaki amesimama katikati ya darasa na mfuko wa mkate mkononi, kama mtu aliyekabidhiwa bomu. Alikuwa na miaka thelathini na tisa na hii ndiyo kazi yake ya kwanza ya ualimu. Kabla ya hapo aliuza vifungo na utepe kwenye duka la mjomba wake mpaka duka likafungwa, akasoma ualimu akiwa mtu mzima, akikaa dawati moja na wasichana wa miaka ishirini. Shule ilifunguliwa Machi. Bi Berta alimpa muda wa majaribio mpaka Pasaka. Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho kabla ya kufunga. Mchana shule inafungwa, na jibu lake linatoka. Akiachishwa hapa, asahau shule nyingine yoyote ya Kiyahudi mjini, maana wakuu wote wa shule hizo walicheza karata na Bi Berta kila Jumapili.

Ugomvi wao ulikuwa mmoja tu. Bi Berta alifundisha hadithi za sikukuu kwa kiti: mwalimu juu ya kiti, watoto kwenye mkeka, kitabu cha picha mapajani. "Mtoto aliyekaa anasikia," alisema. "Mtoto anayekimbia anaanguka." Noemi alisema mtoto wa miaka minne haibebi hadithi masikioni, anaibeba miguuni. Mpe Farao, mpe bahari, mwache akimbie.

Mwezi uliopita, kwenye sikukuu ya Purimu, aliwaacha waigize hadithi ya Malkia Esta. Watoto wote walitaka kuwa Esta, hata wavulana, na hakuna aliyekubali kuwa Hamani mwovu. Basi Noemi akakivika kofia kile kiango cha makoti, akasema ndiye Hamani. Jina la Hamani lilipotajwa watoto walitakiwa kupiga kelele kwa kayamba zao, kama desturi ilivyo. Wao walikivamia kiango kwa mateke. Kikaanguka dirishani. Fundi wa vioo alikuja siku ya tatu, na Bi Berta alisimama pale muda wote akimwangalia fundi, hakumwangalia Noemi hata mara moja. Hiyo ilikuwa mbaya kuliko kutukanwa.

Kwa hiyo leo asifanye kosa.

Jambo lenyewe lilikuwa rahisi. Kila nyumba ya Kiyahudi, kabla ya Pasaka, ambapo mkate wa chachu ni haramu, hutafutwa mkate huo kila pembe, kwa mwanga mdogo, unyoya na mwiko wa mti. Lakini nyumba huwa imeshasafishwa wiki nzima, hakuna cha kutafuta, na mtu asije akatafuta bure. Ndiyo maana hufichwa vipande kumi kwanza. Noemi alivificha kabla watoto hawajafika, akaandika mahali pa kila kimoja kwenye karatasi, akaitia karatasi mfukoni mwa aproni. Kisha akaitoa akaisoma. Akaitia tena. Akaitoa. Nje majani makavu ya miti ya barabarani yalikuwa yakikimbizana kwenye lami, naye alikuwa na miguu ya namna hiyohiyo, haitulii.

Watoto kumi na wanne waliingia kwa kelele. Aliwapa tochi, maana mshumaa Bi Berta aliukataa, na kila wawili unyoya mmoja na mwiko mmoja.

"Ukiona kipande usikishike kwa mkono. Unafanyaje?"

"Tunakifagia!"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu Farao!" akapiga kelele Lev, mvulana mwenye mafua tangu shule ifunguliwe. Kwake yeye Farao alikuwa jibu la kila swali.

Wakatawanyika. Kwa dakika kumi Noemi alikuwa mtu mwenye furaha. Walitambaa chini ya meza, walimulikiana machoni, walifagia hata vilivyokuwa havipo. "Nimepata!" kutoka nyuma ya pazia. "Nimepata!" kutoka kwenye kiatu cha mvua. Michal, binti mrefu wa nywele nyekundu, alipata viwili, akakataa kumwonyesha mtu mpaka atazamwe na wote. Kila kipande kilibebwa kwenye mwiko kama yai, kikatiwa kwenye mfuko. Noemi alihesabu. Saba. Nane. Tisa.

Tisa.

Alitoa karatasi yake. Kilichobaki ni kile cha kwenye oveni ya kuchezea, ile ya mbao pembeni. Akaenda akafungua kioveni. Kitupu. Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Kitupu.

"Nani amefungua oveni?" akauliza, akijitahidi sauti iwe ya mchezo.

"Farao amekula," akasema Lev.

"Farao hajafika bado."

"Alikula jana."

"Labda panya," akasema Michal.

"Hapa hakuna panya," Noemi akasema haraka, akitazama mlango.

Mlangoni alikuwa amesimama Bi Berta, mikono imekunjwa. "Vyote?" akauliza.

"Tunamalizia, Bi Berta."

"Mzee Efraim anakuja saa tano kuvichoma." Akaenda.

Kwenye benchi pembeni alikaa Jaia Lerner, mfupi, mnene, mwenye sauti ya mwuza samaki. Alikuwa amefungiwa mdoli kifuani kwa shali la bibi yake. Mdoli huyo alitoka naye nyumbani kila siku. Katika mchezo wa kutoka Misri, Jaia alikataa kuwa mtumwa. Alisema yeye ni mama, mama hana nafasi ya utumwa.

"Jaia, mpenzi, umekiona kipande cha kwenye oveni?"

"Shh! Mtoto amelala."

"Nasema polepole. Umekiona?"

Jaia akamtazama kama mtu anavyomtazama mjinga asiyekuwa na kosa. "Kitavuka bahari," akanong'ona.

Noemi akapumua. Mtoto wa miaka minne ukimuuliza saa ngapi atakwambia jina la mbwa wake. Akaachana naye. Isitoshe alikuwa na sheria yake mwenyewe, aliyowafundisha wote tangu siku ya kwanza: mtu akiwa ndani ya mchezo, hakuna anayemtoa kwa nguvu. Mtoto wa mtu akilala, haamshwi.

Ikabidi waendelee, maana Farao alikuwa ameshafika. Farao alikuwa Ceferino, mtunza shule, mtu wa mkoa wa Santiago del Estero, si Myahudi, na ndiyo sababu hasa aliupata wadhifa ule: katika miaka kumi na tisa hakuna mtoto wala mzazi aliyeutaka. Miaka yote hiyo alikuwa akikaa tu pembeni ya kiti cha Bi Berta amevaa taji la karatasi. Mwaka huu, kwa Noemi, aliruhusiwa kusimama na kupiga kelele, na alilipenda jambo hilo kuliko alivyotaka kuonyesha.

"Leteni matofali!" akanguruma.

Watoto wakaleta maboksi matupu ya viatu, wakiguna.

"Mengine!"

"Tuachie twende!" wakapiga kelele.

"Siwaachii! Moyo wangu mgumu kama mfupa wa juzi!"

Wakamtupia vyura. Vyura walikuwa soksi zilizokunjwa. Walimtupia kwa nia mbaya kabisa, na Lev akamtupia mmoja kwa karibu sana, taji likaruka.

"Nendeni! Nendeni basi, mtaniua kweli!"

"Haraka!" Noemi akaita. "Hakuna muda! Unga haujaumuka, beba ulivyo, twende!"

Siku moja kabla, walipofanya mazoezi, hapo ndipo Jaia alipogoma. "Na chakula?" aliuliza. Noemi akamwambia hakuna muda wa chakula. "Bibi yangu hatoki hata kwenda kwa daktari bila chakula." Noemi akasema hata bibi yake, angekuwa Misri, angetoka bila chakula. "Humjui bibi yangu," Jaia alimjibu.

Leo Jaia hakugoma. Alimshika mdoli kifuani kwa mikono miwili, akawa wa kwanza mlangoni. Noemi angepaswa kushangaa, lakini macho yake yalikuwa chini, kwenye mazulia, chini ya rafu, kwenye pembe za ukuta. Wakavuka bahari, yaani shuka la buluu walilolishika yeye na Ceferino pande mbili. Watoto walipita katikati wakipiga mayowe, na Noemi alikuwa akihesabu nyayo zao asije mmoja akawa amekanyaga mkate.

Upande wa pili wa bahari alimrudia Jaia. "Umesema kitavuka bahari."

"Kimeshavuka," akasema Jaia, akimpapasa mdoli mgongoni. "Usiongee kwa nguvu."

Noemi akainua shuka. Akainua mikeka. Alipekua mikoba yote kumi na minne kwenye misumari yake, akakuta ganda la chungwa, soksi ya mtu na konokono hai. Alilala kifudifudi akamulika chini ya kabati. Watoto walidhani ni mchezo mpya, wakalala kifudifudi pia, wote. Kwa dakika nzima darasa lilikuwa watu kumi na watano tumbo chini, wakimulika vumbi.

Saa tano kasoro dakika kumi aliingia stoo ya vifaa na mfuko wa vipande tisa, akavuta mlango.

Mtu akitaka kujua alichofikiri, hakufikiri kitu. Mikono yake ilifanya kazi kama ilivyozoea kupima utepe dukani. Alikifungua kipande kikubwa kuliko vyote, akakivunja katikati, akailowesha ncha ya kidole na kuokota chembe zilizoanguka, akazimeza. Akachana gazeti vipande viwili, akafunga. Kumi.

Mlango ukafunguka. Ceferino, na taji mkononi, amekuja kurudisha soksi. Akaitazama meza. Akaelewa.

"Mimi ni Farao," akasema. "Farao haoni kitu. Imeandikwa."

"Ceferino, tafadhali."

"Nimesema sioni. Lakini, mwalimu, ni heri useme tisa."

"Nikisema tisa nimekwisha."

"Huenda."

"Wewe una miaka kumi na tisa hapa. Mimi nina wiki sita."

Ceferino akainua mabega, akaziweka soksi kwenye rafu moja moja, akatoka.

Uani Mzee Efraim Waks alikuwa ameshawasha moto ndani ya debe la mafuta. Alikuwa na miaka sabini na mitatu na magoti yaliyolia kama mlango. Kazi yake maisha yake yote ilikuwa kusimamia majiko ya watu ili chakula kiwe halali kwa sheria. Watoto wakapanga duara. Bi Berta akasimama nyuma yao.

"Tuhesabu pamoja," akasema Mzee Efraim. "Moja!"

"Moja!" Kipande kikaingia motoni.

Noemi alitazama viatu vyake. Nane. Tisa. Akatamani upepo uje, mvua ije, chochote.

"Kumi!" wakapiga kelele watoto, wakaruka.

"Sasa maneno," akasema Mzee Efraim, nao wakamfuata neno kwa neno: "Mkate wowote wa chachu ulio mikononi mwangu, niliouona na nisiouona, uhesabiwe si kitu, uwe kama vumbi la ardhi."

"Vumbi!" Lev akarudia, kwa kulipenda.

Noemi aliyasema pia. Mdomo wake ulikuwa bado una ladha ya zile chembe.

Bi Berta akamsogelea. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa wiki sita: alitikisa kichwa, kwa kukubali. "Wamehesabu mpaka kumi bila kukosea," akasema. "Na wote wapo, hakuna aliyevunjika. Baada ya Pasaka pita ofisini utie saini."

"Asante, Bi Berta."

"Mbona huna raha?"

"Nina raha."

Alikuwa nayo kama mtu aliyemeza kifungo. Alirudi darasani akapanga viti, akavipangua. Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Yake ilikuwa na urefu wa saa moja.

Saa sita wazazi walianza kuingia, mlango wa chuma wa kwanza, mlinzi, mlango wa chuma wa pili. Ukumbini meza za wazee zilikuwa zimeshatandikwa vitambaa vyeupe. Mzee Efraim alikuwa anapita na debe lake la majivu, na Bi Berta alikuwa anaaga kila mzazi kwa jina. Bibi Fruma, bibi yake Jaia, aliingia kama anavyoingia kila mahali, akiongea tayari.

"Njoo hapa roho yangu, umekula? Hujala. Wamekupa nini, tunda? Tunda si chakula, tunda ni maji yenye ganda. Nipe huyo mdoli, unatembea kama punda aliyebeba mzigo."

"Usimwamshe!"

"Simwamshi, namshika tu. Ehe, mbona mtoto wako ana tumbo gumu?"

Akamfungua shali. Akamgeuza. Kutoka ndani ya nguo ya kulalia ya mdoli kikaanguka kitu kidogo kilichofungwa kwenye gazeti, kikagonga sakafu, gazeti likafunguka.

Mtu angedhani ni nyoka. Wazazi wakarudi nyuma. Chembe zilikuwa zimetawanyika mpaka kwenye mguu wa meza ya kwanza.

"Ni cha njiani!" Jaia akapiga kelele, akakikimbilia.

"Usiguse!" akasema Bi Berta. "Cha njia gani?"

"Cha jangwani!" Jaia alikuwa karibu kulia, lakini hasira ilimzuia. "Farao amesema nendeni, na unga haujaumuka, na anaweza kubadili moyo, atakuja na farasi, na bahari ikishafunga huwezi kurudi kuchukua kitu! Na watoto wangu watalia njaa, na mikate kutoka mbinguni hawajui bado kama itakuja! Hakuna aliyewaambia! Bibi husema mtu asitoke bila kitu cha kutia mdomoni. Basi nikachukua kimoja. Kimoja tu!"

"Umemsikia?" Bibi Fruma akawageukia watu wote. "Miaka minne! Musa mwenyewe hakufikiria hilo!"

Bi Berta aliinama. Alikuwa anatazama sakafu na midomo yake ilikuwa ikisogea. Alikuwa anahesabu.

"Tumechoma kumi," akasema. "Kwa sauti. Mzee Efraim, tumechoma ngapi?"

"Kumi."

"Basi hiki ni cha ngapi?"

Ceferino alikuwa mlangoni na ufagio, akiutazama ufagio.

"Ni cha kumi," akasema Noemi. "Nilipata tisa. Nilikikata kimoja katikati."

Alitarajia kelele. Bi Berta aliongea kwa sauti ya chini, na Noemi akakumbuka fundi wa vioo. "Kwa nini?"

"Ulisema visipotoka kumi, nitatoka mimi."

"Nilisema."

"Ndiyo hivyo, Bi Berta. Sina zaidi."

Mzee Efraim aliweka debe chini. "Binti yangu," akasema, "umesimama pale uani ukasema maneno pamoja nasi. Niliouona na nisiouona. Unadhani maneno hayo ni ya nini? Watu wamekuwa wakipoteza vipande tangu enzi za mababu. Ungeniambia tisa, ningekwambia sema maneno, kapumzike. Kwa kile kisichoonekana tuna dawa. Kwa cha kumi na moja mimi sina kitu. Nina miaka sabini na mitatu na sijawahi kukutana nacho."

Akaanza kupiga magoti, magoti yakalia. Noemi akamwahi. Alichukua unyoya na mwiko darasani, akapiga magoti yeye. Wazazi walipita pembeni yake na watoto wao, wakisalimu kwa sauti za msibani. Jaia alitaka kubaki kusaidia, bibi yake akamvuta.

Walifagia ukumbi wote upya, chembe kwa chembe, mzee akimulika kwa tochi na Noemi akitambaa, mpaka saa kumi. Wakachoma tena. Hakuna aliyehesabu. Noemi alipoinuka, magoti meusi, Bi Berta alikuwa amesimama juu yake na mkoba begani.

"Saini haipo," akasema.

"Nimeelewa."

"Hujaelewa, sijamaliza. Yule mtoto ameiweka hadithi yote pale sakafuni, na farasi ndani. Kwenye kiti changu hakuna aliyewahi kuniuliza habari ya chakula. Miaka thelathini na moja." Alilisema kama anayelalamika juu ya mfereji uliovuja. "Lakini wakirudi, wote watakuwa wanajua mwalimu wao alikata mkate. Wewe unasema hadithi inaingia kwa miguu. Haya, waigizie hiyo. Yote. Mimi nitakuja kukaa, kisha nitasema."

Zile siku nane za Pasaka Noemi hakukaa mahali pamoja. Kwa dada yake alisimama katikati ya chakula akaenda dirishani, akarudi, akaenda. Dada yake akamuuliza kama amekalia sindano.

Asubuhi ya kurudi, Bi Berta alikuja akachagua kiti kidogo cha watoto, magoti yake yakafika karibu na kidevu. Noemi akawakalisha watoto, akawaeleza hadithi yenyewe ni ipi. Walikuwa wanaijua.

"Nani atakuwa Bi Berta?"

Mikono minane. Lev alipata, kwa sababu alikuwa ameshauchukua mkoba.

"Nani atakuwa Mwalimu Noemi?"

Hakuna mkono. Walitazamana. Michal alijikunyata nyuma ya nywele zake. Noemi akamtazama Ceferino aliyekuwa mlangoni.

"Mimi nimekuwa Farao miaka kumi na tisa," akasema Ceferino, "lakini hiyo hapana, mwalimu."

Basi akawa mwenyewe. Walitumia unga wa kuchezea, wa rangi ya kijani. Alificha, wakatafuta, vikapatikana tisa, Jaia akakaa na mdoli wake na kusema shh kwa kiburi kikubwa. Noemi akaenda pembeni, mahali walipopafanya stoo ya mchezo, akakishika kile kipande cha kijani kwa vidole viwili.

"Usikate!"

Alikuwa Jaia, ameshasimama juu ya benchi.

"Jaia, mpenzi, hapa ndipo mwalimu alipokata. Ndivyo ilivyokuwa."

"Usikate! Sema tisa!"

"Sema tisa!" akaitika Michal.

"Sema tisa! Sema tisa!" wote sasa, wakipiga mikeka kwa miguu, kama siku ile ya Hamani. Kioo kipya cha dirisha kilitetemeka. Noemi akamtazama Bi Berta, lakini yule alikuwa amekaa tu, uso hausomeki. Hapakuwa na mahali pa kwenda ila mbele. Akavuka chumba mpaka kwa Lev na mkoba wake.

"Bi Berta," akasema, "ni tisa. Kimoja nimekipoteza."

Lev akafungua mdomo. Alivuta makamasi, akamgeukia Bi Berta wa kweli, na watoto wote kumi na wanne wakageuka naye, wakasubiri.

Bi Berta akakohoa.

"Tisa," akasema.

"Tisa," akasema Noemi.

"Basi mbona mmekaa?" Akainuka kutoka kwenye kile kiti, akishikilia meza, akaishusha sketi yake, na kwa shida, goti moja kisha la pili, akaenda chini. "Tochi iko wapi? Nitafute gizani?"

Mayowe yao yalisikika mpaka kwa mlinzi. Lev akampa tochi. "Anza na oveni," akamwamuru. "Wewe hujui kutafuta." Bi Berta akaenda kwa magoti akafungua oveni ya kuchezea, na Jaia akamfuata nyuma akimwambia awe mwangalifu, mtoto amelala.

Noemi alikuwa chini pia, ubavuni mwake.

"Nakupa mpaka Sikukuu ya Vibanda," Bi Berta alisema bila kumtazama, kichwa kikiwa ndani ya oveni. "Majaribio tena. Saini baadaye, ukinifikisha huko mzima. Pale hakuna mkate wa kuficha."

"Asante, Bi Berta."

Vibanda. Noemi akatulia, kwa mara ya kwanza tangu Machi, kama dakika moja hivi. Kisha akaanza kufikiria matawi, na mbao, na watoto kumi na wanne wakijenga kibanda cha kweli uani, kila mmoja na kazi yake.

Bi Berta akatoa kichwa kwenye oveni, akamtazama usoni.

"Hapana, Noemi," akasema. "Nyundo hapana."